Kompyuta ya Linux Ikikwama Kuwaka, Isome Kabla ya Kuifuta

Ndugu mafundi, walimu mnaosimamia maabara za kompyuta, na vijana mlioingia kazini juzijuzi, hamjambo.

Mashine tunayoizungumzia mnaijua wote. Ni ile Dell au HP ya mtumba, RAM giga 4, diski ya kuzunguka, ndani ina Ubuntu, Debian au Linux Mint. Jana ilikuwa nzima. Leo imewashwa, nembo ya mtengenezaji imepita, kiduara cha Ubuntu kimezunguka, kisha kimya. Mwenyewe anasema imekufa. Fundi mwenye haraka anachomeka flashi, anaiformati na kuweka mfumo mpya, na mitihani ya muhula mzima ya mwalimu inakwenda na maji. Wiki haiishi, mashine inakwama tena palepale, maana kilichokuwa kibovu ni waya wa diski.

Nataka leo tushike jambo moja. Mashine nyingi tunazosema zimeganda ziko macho, zinasubiri kitu: patisheni (kipande cha diski) iliyoondolewa, mtandao usiopatikana, diski inayokaguliwa. Na zimeshaandika zinasubiri nini. Hatuyaoni maandishi hayo kwa sababu yamefunikwa na picha iliyowekwa ili mtumiaji wa kawaida asitishike. Fundi si mtumiaji wa kawaida, kwa hiyo aifunue.

Kwanza mjue safari yenyewe. Linux huwaka kwa kupokezana kijiti. Programu ya kwenye mazabodi, yaani BIOS au UEFI, huamsha vifaa na kukabidhi kwa GRUB, menyu ya kuwashia mfumo. GRUB hupakia keneli, kiini cha Linux, pamoja na initramfs, ule mfumo mdogo wa muda unaokaa kwenye RAM ukiwa na draiva za kutosha kuifikia diski. Diski ikishafikiwa, keneli huanzisha systemd, mchakato nambari 1, nayo systemd huamsha huduma zote mpaka ukurasa wa kuingilia, ambao kwenye Ubuntu huletwa na GDM na kwenye Mint huletwa na LightDM. Ukijua kijiti kimeangukia mikononi mwa nani, huhangaiki tena na yale yaliyokwisha kupita salama.

Ikikwama kwenye nembo ya mtengenezaji, kabla ya GRUB, Linux haina kosa lolote. Chomoa printa, flashi na kila kilichopo kwenye USB, zima ukutani, toa RAM uirudishe, halafu ingia BIOS uone kama diski inatajwa. Hiyo ni kazi ya vyuma, tusiikalie.

Ikipita hapo ikanyamaza, usikimbilie kitufe cha umeme. Bonyeza Caps Lock. Taa ikibadilika, keneli i hai, na shida iko kwenye skrini au kwenye huduma fulani. Isipobadilika, ama keneli imelala, ama draiva ya kibodi bado haijapakiwa. Taa ikipepesa yenyewe bila kuguswa, hasa kwenye laptopu na kibodi za PS/2, keneli imeanguka kabisa. Kisha subiri dakika mbili kwa saa ya mkononi. Systemd, isipoelekezwa vingine, huvumilia kifaa kisichotokea kwa sekunde 90. Mtu anayezima kwenye sekunde ya 60 anaikata mashine kauli ikiwa imebakiza nusu dakika ijieleze.

Na ukilazimika kuzima, kuna njia iliyo bora kuliko kushikilia kitufe. Shikilia Alt na SysRq, ambayo ni ile PrtSc, kisha gonga S, U, B kwa zamu ukiacha sekunde mbili tatu kati ya herufi na herufi. S inaandika kwenye diski yaliyobaki kwenye RAM, U inageuza diski iwe ya kusomwa tu, B inawasha upya. Mtaambiwa muanze na R, E, I. Kwenye Ubuntu thamani ya kernel.sysrq ni 176, ambayo inaruhusu hizo tatu za mwisho peke yake, basi msishangae nyingine zikigoma.

Sasa kuifunua picha. Washa mashine, na nembo ikitokea gonga Esc kama ni UEFI, au shikilia Shift kama ni BIOS ya zamani. Esc ikigongwa kupita kiasi inakutupa kwenye mstari wa grub>. Hapo andika normal, bonyeza Enter, halafu Esc mara moja. Menyu ikija, simama juu ya mstari wa kwanza ubonyeze e. Tafuta mstari unaoanza na neno linux. Mwishoni mwake pana maneno quiet splash. Yafute yote mawili, kisha Ctrl na X. Badiliko hili ni la safari hii tu, ukiwasha tena linakuwa limejifuta, kwa hiyo hapa hakuna cha kuogopa.

Maandishi yatamiminika. Piga picha kwa simu yanaposimama. Ila mstari wa mwisho si lazima uwe ndio mkosaji, kwa kuwa systemd huanzisha huduma nyingi kwa pamoja. Tafuta mstari wenye nyota zinazokwenda na kurudi na saa inayohesabu. Mara nyingi sana utasomeka hivi:

A start job is running for /dev/disk/by-uuid/3f1c… (45s / 1min 30s)

Mashine hiyo inamsubiri mtu aliyehama. Kwenye faili la /etc/fstab, orodha ya patisheni za kufunguliwa wakati wa kuwaka, imeandikwa kwamba kuna patisheni yenye UUID fulani, yaani nambari yake ya utambulisho, na patisheni hiyo haipo tena. Mtu alitoa diski ya pili akaipeleka kwenye mashine nyingine. Au alihamisha mfumo kwenda SSD akasahau kubadili nambari. Au alisakinisha Linux ya pili pembeni, na kisakinishi kikaiformati upya swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM), nayo swap ikapata UUID mpya. Kwa swap, sekunde 90 zikiisha mashine huendelea, kwa hiyo mwenyewe atakuja na malalamiko kwamba "inachelewa". Kwa patisheni ya kawaida, kama /home au diski ya data, mashine hukataa kuendelea na kukuweka kwenye hali ya dharura, skrini nyeusi inayoomba nywila ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo.

Ukiingia, andika blkid. Utaona UUID za patisheni zote zilizopo. Fungua fstab pembeni ulinganishe herufi kwa herufi:

mount -o remount,rw /
nano /etc/fstab

Mstari wa patisheni iliyokwenda uwekee alama ya # mwanzoni, au andika UUID sahihi. Kwa diski ya data ambayo leo ipo kesho haipo, ongeza kwenye safu ya nne nofail,x-systemd.device-timeout=10s, na mashine haitakwama tena kwa ajili yake. Kabla ya kuwasha upya, jaribu: findmnt --verify inasoma fstab na kukuonyesha makosa, mount -a inapachika (inafungua kwa matumizi) yaliyoandikwa, na swapon -a inajaribu swap, kwani mount -a haiigusi. Watu wengi huruka hatua hii, wakajikuta hali ya dharura kwa mara ya pili kwa sababu ya koma moja.

Swap iliyobadilika ina sehemu nyingine ya kujificha. Kwenye jamii ya Debian, faili la /etc/initramfs-tools/conf.d/resume linaweza kuwa bado lina UUID ya zamani, na mashine itasimama sekunde kama 30 kabla haijasema Gave up waiting for suspend/resume device. Lisahihishe, kisha update-initramfs -u.

Baadhi ya mifumo itakukatalia hata hiyo hali ya dharura kwa kusema akaunti ya root imefungwa. Rudi GRUB, bonyeza e, na kwenye mstari uleule wa linux badili ro iwe rw, mwishoni uongeze init=/bin/bash. Utapata root bila nywila. Ukimaliza andika sync, kisha reboot -f. Ndiyo, maana yake yeyote anayeifikia kibodi anaweza kufanya vivyo hivyo, na walimu wa maabara mlikumbuke hilo.

Tuje kwenye umeme. Hapa kwetu hiki ndicho chanzo ninachokishuku kwanza mashine isipokuwa na UPS. Ext4, mfumo wa mafaili wa Linux nyingi, ina kumbukumbu ya miamala inayoirudisha diski sawa baada ya kuzimika ghafla, na mara nyingi inatosha. Isipotosha, utaona UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY (fsck ni programu ya kukagua na kurekebisha mafaili ya diski), na chini yake neno initramfs ndani ya mabano, likisubiri amri. Mashine hiyo i nzima. Inakataa tu kupachika diski ambayo hesabu zake hazilingani. Jina la patisheni limeandikwa hapo hapo juu, tuseme /dev/sda2. Andika fsck -y /dev/sda2, subiri, kisha exit.

Ila msiiandike -y kabla hamjatazama mistari ya juu. Kama kuna maneno I/O error, dev sda, sector na nambari, simama. Hapo inayokufa ni diski yenyewe, na fsck itaandika juu ya diski inayokufa, ikikumalizia kile ambacho kingeokolewa. Washa kwa flashi ya Linux, sakinisha gddrescue, na nakili kwanza:

sudo ddrescue -n /dev/sda /media/nje/diski.img /media/nje/diski.map

Faili hilo la map ndilo linaloweka kumbukumbu ya sehemu zilizosomeka, hivyo umeme ukikatika unaendelea ulipoachia. Fsck ifanyie kwenye nakala.

Mkiwa kwenye flashi hiyohiyo, tazameni afya ya diski: sudo smartctl -a /dev/sda. Hapo mnataka mistari mitatu tu. Current_Pending_Sector ikizidi 0, kuna sehemu zisizosomeka, toa data leo. Reallocated_Sector_Ct ikipanda kila ukipima, tafuta diski nyingine. UDMA_CRC_Error_Count ikipanda huku hizo mbili zimetulia, diski haina neno, badilisha waya wa SATA. Waya huo unauzwa bei ya soda chache, na umesababisha diski nyingi nzima kutupwa.

Jambo dogo linalohusiana: betri ya saa kwenye mazabodi, CR2032 ya volti 3. Ikiisha, saa hurudi miaka nyuma, na fsck inaweza kulalamika kwamba diski ilipachikwa mara ya mwisho katika siku ambayo bado haijafika. Angalia tarehe kwenye BIOS kabla hujaanza kuilaumu diski.

Chanzo kingine hakitoi kelele: diski kujaa. Mashine inawaka vizuri, halafu badala ya ukurasa wa kuingilia unapata weusi na kistari kinachopepesa. GDM inataka kuandika mafaili yake madogo, nafasi hakuna, inaanguka, inaanzishwa tena, inaanguka tena. Bonyeza Ctrl, Alt na F3, ingia kwa maandishi, kisha df -h. Ukiona 100% kwenye /, anza na apt clean na journalctl --vacuum-size=100M, halafu tafuta mafaili ya mwenyewe. Ukiona nafasi ipo lakini bado inakataa kuandika, jaribu df -i. Idadi ya mafaili inaweza kuwa imefika kikomo hata kama giga zimebaki.

Na /boot ikiwa patisheni ya peke yake ikajaa, matokeo ni mabaya zaidi. Apdeti inaleta keneli mpya, initramfs yake inakosa nafasi ya kuandikwa yote, na safari inayofuata unapata Kernel panic yenye maneno Unable to mount root fs on unknown-block(0,0). Keneli imeamka ikakosa ule mfumo mdogo wa kuifikishia diski. Rudi GRUB, ingia Advanced options, chagua keneli ya zamani. Itawaka. Kisha apt autoremove --purge, ikifuatiwa na update-initramfs -u -k all. Mkifuta keneli kwa mkono, andikeni kwanza uname -r mjue mnayoitumia ni ipi, msije mkakata tawi mlilokalia.

Kadi ya picha sasa. Dalili yake ni Loading initial ramdisk kisha skrini nyeusi, mara nyingine feni inaendelea na Caps Lock inajibu. Kwenye mstari wa linux ongeza nomodeset. Hiyo inazuia draiva ya kadi kuipangilia skrini, kwa hiyo picha itakuja mbaya na kubwa kupita kiasi, lakini itakuja. Kipimo kingine ni systemd.unit=multi-user.target, inayoishia kwenye maandishi. Mojawapo ikifaulu, umeshajua adui ni nani. Msimwachie mteja mashine yenye nomodeset mkadhani mmetibu, mmepima tu.

Kwa NVIDIA, ubuntu-drivers devices inaonyesha draiva inayofaa, na sudo ubuntu-drivers install inaiweka. Ikiwa ilikuwepo na imeharibika baada ya apdeti, andika dkms status: draiva za nje hujengwa upya kwa kila keneli, na bila pakeji ya linux-headers ya keneli hiyo hazijengeki. Halafu kuna Secure Boot, kinga ya UEFI inayokataa programu zisizo na sahihi inayotambulika. Ukiona Key was rejected by service, draiva imejengwa ila sahihi yake haitambuliwi. Mfumo ulishaomba kibali: mara baada ya usakinishaji, ilipowashwa upya, ilitokea skrini ya buluu ya kusajili ufunguo, ikahesabu sekunde 10, hakuna aliyegusa kitu, ikajiendea zake. Wengi hawajawahi hata kuiona. Rudia kwa mokutil --import ukiielekeza kwenye faili la ufunguo, au uzime Secure Boot ndani ya UEFI.

Mpaka hapa nimesema juu ya mashine inayokwama mahali pamoja kila siku. Inayokwama leo hapa, kesho pale, na keshokutwa inawaka vizuri, ifungue boksi. Hiyo karibu kila mara ni RAM, pawasaplai au joto. Memtest86+ iko kwenye flashi nyingi za Linux, na tangu toleo la 6 la mwaka 2022 inakubali UEFI. Iache imalize mzunguko mmoja mzima angalau. Kosa moja jekundu linatosha. Toa kipande kimoja cha RAM, pima kilichobaki, kisha badilisha. Kwenye pawasaplai na mazabodi tazama kapasita zilizovimba kichwani.

Kuna ugonjwa mmoja wa programu unaofanana na huo. Prosesa za Intel za kizazi cha Bay Trail, kama Celeron N2840 na J1900, ambazo zipo kwenye laptopu nyingi ndogo za bei nafuu, zina tabia ya kuganda kabisa zinapoingia usingizi mzito. Caps Lock haijibu na hakuna kosa lililoandikwa. Jaribu intel_idle.max_cstate=1. Betri itaisha mapema kidogo, mwambieni mwenyewe. Kwa SSD za NVMe zinazopotea ghafla, jaribu nvme_core.default_ps_max_latency_us=0. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, tafadhali. Nimeona mistari ya GRUB yenye maneno manane yaliyookotwa kila mahali, na hakuna ajuaye lipi linafanya kazi. Ile acpi=off iwe ya mwisho kabisa; pamoja na mengine, mashine inaweza kukataa hata kujizima. Neno likithibitika, liweke kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, kisha sudo update-grub.

Kuhusu kumbukumbu: ukifanikiwa kuwasha, journalctl -b -1 -p err inakupa makosa ya safari iliyopita. Isipotoa kitu, tengeneza folda ya /var/log/journal na uwashe upya, ndipo itaanza kuhifadhi. Lakini jihadharini. Journald hulazimisha kumbukumbu za kawaida zishuke kwenye diski kila baada ya dakika 5, na yale makosa mazito tu ndiyo hushushwa papo hapo. Mashine ikiganda ghafla, dakika za mwisho zinaweza kupotea, kwa hiyo mstari wa mwisho unaousoma huenda hauhusiani na tukio. Kwa hali hiyo tumia systemd.debug-shell=1 kwenye GRUB, kisha wakati imekwama bonyeza Ctrl, Alt na F9. Unapata root, na systemctl list-jobs inakutajia kazi iliyokwama kwa jina. Msiiache kudumu kwenye maabara ya shule, haina nywila.

La mwisho ni apdeti iliyokatwa na umeme katikati. Pakeji nusu zimefunguliwa, nusu hazijapangwa, na hakuna keneli ya zamani inayosaidia. Washa kwa flashi, lsblk -f ikuonyeshe patisheni, kisha ingia ndani ya mfumo wenyewe:

sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for d in dev dev/pts proc sys run; do sudo mount --bind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt

Mstari wa pili ni kwa UEFI tu, na majina yenu yanaweza kuwa nvme0n1p2 na nvme0n1p1. Run imo kwenye orodha kwa sababu kwenye Ubuntu anwani za DNS zinakaa humo. Ukiisahau, apt itasema haioni mtandao huku flashi yenyewe inauona. Ukiwa ndani:

dpkg --configure -a
apt -f install
update-initramfs -u -k all
update-grub

Ya kwanza inaweza kuchukua nusu saa kwenye diski ya kuzunguka, na ikiuliza kuhusu faili la mipangilio lililobadilishwa, chagua kubaki na la zamani. Zikiisha bila kosa, andika exit, kisha sudo umount -R /mnt, kisha sudo reboot. Ikijibu target is busy, mara nyingi ni wewe mwenyewe bado umesimama ndani ya /mnt kwenye terminali nyingine. Andika cd / na urudie.